Kakao kwa Afya ya Mishipa ya Damu: Ipi Ununue Unguja na Pemba, Ipi Uiache

Ukiingia dukani Darajani au Chake Chake kutafuta kakao, kinachokuvutia macho kwanza ni asilimia: 50, 70, 85. Asilimia hiyo inakwambia mna kakao kiasi gani ndani ya chokoleti. Haikwambii kakao yenyewe ilifanywa nini kiwandani, na kwa mishipa ya damu hilo ndilo kubwa.

Kinachotafutwa ni flavanoli, kemikali za asili zilizomo ndani ya kakao. Huusaidia utando wa ndani wa mshipa kutoa gesi ya nitriki oksidi, ukuta wa mshipa ukalegea, mshipa ukatanuka, damu ikapita kwa wepesi. Mwaka 2012 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilikubali kwamba miligramu 200 za flavanoli za kakao kwa siku husaidia mishipa ibaki na unyumbufu wake. Nunua kwa kipimo hicho.

1. Unga wa kakao asilia, usio na sukari wala magadi

Huu ndio wa kwanza, tena kwa mbali. Viwanda vingi huutia unga alkali, ndugu ya magadi tunayoyajua jikoni, ili ukoze rangi na kupunguza uchachu. Hapo flavanoli nyingi huharibika. Vipimo vilivyochapishwa 2008 vilionyesha wastani wa miligramu 34.6 kwa gramu kwenye unga asilia, 13.8 kwenye uliotiwa alkali kidogo, 7.8 kwa kiasi cha kati na 3.9 uliotiwa sana. Kwa hiyo gramu 6 za unga asilia, yaani kijiko kikubwa kimoja, zinatosha kwa siku. Kwa ule wa mwisho ungehitaji zaidi ya gramu 50.

Soma viungo. Ukiona neno "alkali", au E500 au E501, rudisha kopo. Unga wa kupimwa usio na lebo uangalie rangi na uuonje: asilia ni kahawia isiyokoza, mchungu wenye uchachu. Wengi hudhani weusi ndio ubora, na hapo ndipo wanapopoteza pesa. Kwa unyevu wa visiwani, kataa pia unga wenye madonge yasiyopondeka kwa vidole au wenye harufu ya ukungu.

Kuandaa: koroga unga na maji baridi kidogo mpaka uwe uji mzito, ndipo umimine maji ya moto; ukianza na ya moto utafanya madonge. Usiuchemshe muda mrefu. Mdalasini au iliki hupunguza ukali wake, hivyo sukari isizidi kijiko kidogo. Usiusage pamoja na ndizi mbivu: utafiti wa 2023 ulionyesha kimeng'enya cha ndizi kinapunguza sana flavanoli zinazoingia mwilini.

2. Chokoleti nyeusi, asilimia 70 kwenda juu

Kiungo cha kwanza kiwe kakao, si sukari, na alkali isiwemo. Kula gramu 20 hadi 30 kwa siku. Ya 70 ina takriban gramu 30 za sukari katika kila gramu 100. Ya 85 ina kama nusu yake, kwa hiyo mwenye kisukari achague hiyo. Kiasi cha flavanoli hutofautiana sana baina ya kampuni na kampuni, ndiyo maana imekuja ya pili.

Mafuta ya kakao huyeyuka karibu na nyuzi 34, na joto la kaskazi kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua hulifikia hilo kwa urahisi. Utando mweupe juu ya chokoleti mara nyingi ni mafuta yaliyoyeyuka yakaganda upya. Hayadhuru, ila ni alama ya uhifadhi mbovu, usilipe bei kamili. Nyumbani ifungie kwenye chombo kisichopitisha hewa ndani ya friji, na usikifungue mpaka kiache ubaridi, la sivyo itatokwa na jasho.

3. Vipande vya mbegu za kakao

Tanzania kakao nyingi hutoka Kyela. Vipande havina sukari, lakini vilivyokaangwa sana hupoteza flavanoli. Chagua vya rangi isiyoungua.

4. Unga mweusi uliotiwa alkali

Wa keki. Basi.

5. Kakao ya kunywa yenye sukari, chokoleti ya maziwa, chokoleti nyeupe

Kwa mishipa, usinunue. Nyeupe haina unga wa kakao hata chembe; cha kakao humo ni mafuta tu.

Ukinunua, ujue unapata nini. Uchambuzi wa 2017 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, ulikuta presha inashuka kwa takriban milimita 2 za zebaki tu, na utafiti mkubwa wa flavanoli za kakao uitwao COSMOS, wa 2022, wenye watu 21,442, haukuthibitisha kupungua kwa jumla ya matukio ya moyo na kiharusi. Vidonge vya presha viendelee kama ulivyoandikiwa. Mjamzito anayemeza vidonge vya madini ya chuma avitenge na kakao kwa saa 2, kwa sababu kakao huzuia chuma kufyonzwa.