Nimekaa Songdo miezi tisa: nyota tatu na nusu, na hiyo nusu ni ya bomba la taka

Mimi ni mpima ardhi. Kazi yangu ni kupanda bikoni (zile nguzo za mipaka ya viwanja) juani, kusuluhisha majirani wanaogombea hatua mbili za mpaka, na kula vumbi la Kigamboni. Kwa hiyo nilipopata kozi huko Incheon, Korea Kusini, nikaambiwa nitapangishiwa chumba Songdo, ule mji janja, yaani unaoendeshwa kwa kamera na mitambo ya mawasiliano, unaooneshwa kwenye kila semina ya mipango miji, kitu cha kwanza kuingia kwenye begi kilikuwa futi ya chuma. Usicheke. Niliitumia.

Tangu nirudi kila mtu ananiuliza, "Ehe, pakoje?" Nimechoka kujibu mmojammoja. Haya ni maoni ya mpangaji. Sikwenda na msafara wa wakubwa, sikupewa chakula cha bure, na kodi nilikuwa nalipa mwenyewe kila mwezi.

Naanza na taka, maana ndizo zilizonimaliza. Wiki nzima ya kwanza nilikuwa nasubiri gari la taka lipige honi, halikuja. Mfuko wangu ukaanza kunuka. Siku ya saba bibi mmoja jirani aliniona nimesimama nje na mfuko mkononi kama mtoto aliyepotea, akanishika mkono wa shati, akanipeleka nyuma ya jengo. Kulikuwa na vichuguu vya chuma vimejipanga, vinafika kiunoni, kila kimoja na mlango wake. Akagusisha kadi, mlango ukafunguka, akanionesha kwa kidevu: tia. Nikatia. Mlango ukajifunga, na baada ya muda nikasikia chini ya miguu yangu sauti kama basi linalopita mbali, fyuuu, basi. Mfuko umekwenda. Unavutwa na upepo ndani ya bomba, kasi yake inafika kama kilomita 70 kwa saa, hadi kwenye kituo cha kukusanyia. Mabaki ya chakula kule nilikokaa hayaendi na bomba hilo. Yana pipa lake lenye mizani, linapima gramu na kukuandikia deni. Ukipika wali mwingi ukamwaga, utaulipia mara mbili. Nilianza kupika kwa kikombe.

Nilirudi kwenye vile vichuguu jioni, peke yangu, na futi yangu. Nilichokuwa natafuta si upana wa mlango. Nilitaka kuona bomba linapita wapi kuelekea barabarani, na jibu ni kwamba huoni kitu, kwa sababu lami haina kiraka. Hapo ndipo mpima ardhi anavua kofia. Bomba kama lile huwezi kuliingiza baada ya watu kuhamia. Lazima liwe kwenye mchoro kabla ya barabara, na barabara kabla ya kiwanja, na kiwanja kabla ya mteja. Sisi mteja ndiye anayetangulia. Anajenga, anahamia, anaweka geti, kisha ndiyo tunaitwa tupime tulichokikuta, halafu lami inapigwa, halafu watu wa maji wanakuja kuifumua, halafu watu wa nyaya nao wana zamu yao. Mimi mwenyewe nimeshapima barabara ambayo ndani yake kulikuwa na choo cha mtu.

Kwa upande huo, nyota tano. Ningeweza kuishia hapo, lakini ningekuwa nafanya kama wale wa semina.

Maana swali ambalo semina huliruka ni hili: nani alitoa pesa, na alipata nini? Jiji la Incheon lilianza kufukia bahari mwaka 1994. Bahari ya kule maji yakipwa yanarudi nyuma mpaka unadhani yamehama nchi. Siku za bamvua, tofauti ya kujaa na kupwa ni kama mita 9. Yakiondoka yanaacha tope pana, na juu ya tope hilo ndipo mji ulipomwagwa. Mwaka 2003 eneo likatangazwa kuwa eneo huru la kiuchumi. Kitovu chake, kama hekta 600, kikaendelezwa kwa ubia: kampuni ya Gale ya Marekani asilimia 70.1, na POSCO E&C, watoto wa ile kampuni kubwa ya chuma ya Korea, asilimia 29.9. Wasanifu wa majengo wa kampuni ya KPF kutoka New York wakachora. Kampuni ya Cisco ikaleta mitambo ya mawasiliano. Jiji likatoa ardhi, wabia wakatafuta mikopo, wakajenga maghorofa ya kuuza, na faida ya maghorofa ikajenga vile visivyouzika: bustani kubwa ya katikati, ukumbi wa mikutano wa Convensia, shule.

Siku niliyoelewa mpango huo nilikuwa nimekaa kwenye benchi katika bustani yenyewe. Ni kama hekta 40, ina mfereji wa maji ya bahari unaopita katikati na viboti vya watalii, na pembeni maghorofa yanaitazama kama watu kwenye jukwaa. Nikapiga hesabu kwa bei za viwanja vya Dar. Hekta 40 katikati ya mji, hakuna aliyezikata vipande, hakuna aliyemega kona ya kuweka kituo cha mafuta. Nikakumbuka maeneo ya wazi niliyowahi kutumwa kuyapima nikakuta yana ukumbi wa harusi. Hapa bustani ilikuwa ndani ya biashara yenyewe: ukiondoa bustani, ghorofa linaloitazama linashuka bei. Mbia ana sababu ya kuilinda. Hilo ningependa wenzangu wa halmashauri walisome mara mbili.

Lakini kuna upande wa pili wa shilingi hiyo hiyo. Nyumba ziliuzika, ofisi hazikuja kwa kasi ile. Mji uliochorwa kuwa kitovu cha biashara cha Asia Kaskazini Mashariki, ukiukagua kwa miguu, ni mji wa familia zenye watoto na vigari vya watoto. Kitovu kile kilitakiwa kikamilike 2015, nami nimeondoka nikiacha viwanja vimezungushiwa mabati na nyasi zimefika kifuani. Wabia nao waligombana, na mwaka 2018 hisa za Gale zikaenda kwa wawekezaji wengine. Mji wa watu zaidi ya laki mbili kwa ujumla wake, na mkataba wa katikati yake ukabadilisha mikono kama kiwanja cha mirathi.

Na kabla ya wote hao walikuwepo wenye tope. Hili sikulijua, nilisimuliwa na fundi wa viatu niliyekuwa nampelekea soli, tukitumia programu ya kutafsiri kwenye simu yake, sentensi kwa sentensi, kila mmoja akisubiri mashine imalize kufikiri. Wavuvi waliokuwa wakichimba kombe, wale viumbe wa baharini wenye ganda, kwenye tope lile walipewa fidia ya namna yake: haki ya kiwanja cha mita za mraba 165 kwenye mji utakaokuja. Wakorea wakazipa hati hizo jina la utani ambalo, nikilileta kwetu, ni kama "kikaratasi cha kombe". Wengi waliviuza mapema, wakati mji ulikuwa bado maji. Fundi alinyamaza, akagonga soli mara mbili tatu, akaandika tena kwenye simu. Tafsiri ilisema: "Karatasi haiwezi kuliwa." Sijui kama mashine ilipatia. Nililipa, nikaondoka na viatu.

Nimefanya kazi ya fidia miaka kumi na moja. Kiwanja badala ya hela ni fidia nzuri kwenye mchoro, lakini ukimpa mtu ambaye kesho hana pa kuvulia, kiwanja hicho utakuwa umempa dalali.

Turudi kwenye ujanja wa mji, maana ndiyo jina lake. Kamera zipo kila kona, vituo vya basi vina kibao kinachosema basi liko dakika ngapi, na kwenye jengo la G-Tower kuna chumba cha skrini ambako magari, hewa na usalama vinaangaliwa kwa pamoja. Nilipelekwa na darasa. Ni kweli inafanya kazi. Pia ni kweli kwamba baada ya wiki mbili huioni tena, kama vile huoni nguzo ya umeme. Zile skrini za kuongea na daktari na mwalimu ukiwa sebuleni, zilizotangazwa sana wakati mji unauzwa, zimepitwa na simu iliyoko mfukoni mwa kila mtoto. Mitambo inazeeka haraka kuliko mabomba. Anayepanga mji wa miaka 50 akianza na skrini, ananunua mkate wa kula mwakani.

Skrini yangu ya ukutani ilinipa kisa. Alfajiri moja, saa kumi na moja na nusu, kile kidude kikalia kama king'ora na sauti ya mwanamke ikaanza kutangaza kwa haraka, Kikorea kitupu. Nilijua moto. Nikashuka ngazi ghorofa tisa na kikoi, pasi ya kusafiria mkononi, Februari, barafu nje. Mlinzi alinitazama, akatazama kikoi, akaniletea kahawa ya kopo. Kumbe msimamizi wa jengo alikuwa anatangaza usafishaji wa matangi ya maji, na kabonyeza saa vibaya. Kidude kilikuwa na lugha nne. Tangazo lilikuwa na moja.

Barabara: pana mno. Nilipima moja ya zile kubwa kwa hatua zangu, na hatua yangu naijua kwa sentimita, nikaacha kuhesabu katikati kwa sababu taa ya waenda kwa miguu ilikuwa inaisha. Wakati wa baridi upepo wa bahari unapita humo bila kuulizwa. Na hakuna kitu pembeni. Hakuna wa mahindi ya kuchoma, hakuna fundi cherehani kibarazani, hakuna mtu wa kumuuliza njia. Ukitaka kitunguu kimoja unaingia duka kubwa ghorofa ya chini ya ardhi, unauziwa sita ndani ya plastiki. Huyo fundi wa viatu mwenyewe hayuko Songdo. Yuko ng'ambo, upande wa zamani wa wilaya ya Yeonsu.

Huko ng'ambo ndiko nilikohamishia Jumamosi zangu. Kuna mtaa unaitwa Hambak, umejaa watu wenye asili ya Korea waliorudi kutoka Uzbekistan na Kazakhstan, vibao vya Kirusi, mikate ya tanuri ya udongo, nyama ya kondoo inayoning'inia. Njia nyembamba, nyaya zimesukana juu, magari yameegeshwa mpaka yanagusana. Kwa macho ya kazi ningeandika mapungufu ukurasa mzima. Nilikuwa nakaa pale saa tatu.

Usafiri wa kutoka ndani ya Songdo kwenda Seoul ndio malalamiko ya kila jirani. Kwa treni za chini, kutoka kituo cha Central Park, ukabadilishe Bupyeong, ufike stesheni ya Seoul, jipe zaidi ya saa moja na nusu. Reli ya kasi ya GTX-B, ambayo nayo ina pesa za kampuni binafsi ndani yake, ilizinduliwa ujenzi Machi 2024 na inaahidi kushusha safari hiyo hadi kama nusu saa. Hiyo ni zaidi ya miaka 20 tangu eneo litangazwe. Daraja la Incheon lenyewe halikuchelewa: kilomita 21 na ushei, likafunguliwa 2009, kwa ubia wa jiji na kampuni ya Amec ya Uingereza, na linakufikisha uwanja wa ndege haraka. Maana yake mgeni alijengewa njia mapema kuliko mtu wa kazini. Na mimi wa Kigamboni nisijifanye hakimu. Daraja letu la mita 680, mfuko wa hifadhi ya jamii NSSF asilimia 60 na serikali 40, lilifunguliwa 2016, na hadi leo nikivuka bado nahesabu chenji ya kulipia.

Hukumu yangu, basi. Mabomba, mitaro na bustani: tano. Skrini: mbili. Fidia ya wenye tope: sitoi nyota, naacha wazi. Maisha ya mtaani: moja, na hiyo ni kwa ajili ya bibi wa taka. Nyumba yenyewe ilikuwa safi, joto la sakafuni ni starehe ambayo sikuwahi kuiota, na kitasa cha namba kimenifanya nisahau funguo zangu zote nilizoacha Dar.

Ukipita Incheon hata kwa siku moja, panda G-Tower ghorofa ya 33, ni bure. Nenda jioni maji yakiwa yamekupwa. Upande mmoja utaona maghorofa yamewashwa taa, upande mwingine tope linang'aa. Halafu shuka, panda treni uvuke hadi Hambak, umwombe muuza mikate akupe ule uliotoka tanuri sasa hivi. Beba hela taslimu.