Zoom, Meet au BigBlueButton? Mwongozo wa kununua kwa wahadhiri wa Mombasa

Nyaya za chini ya bahari zinazoiletea Kenya intaneti zinatua hapa Mombasa: SEACOM na TEAMS mwaka 2009, EASSy mwaka 2010, na nyingine kadhaa baadaye. Ujirani huo haumfai kitu mwanafunzi wa Likoni au Mtwapa anayeingia darasani kwa simu na bando la siku. Maji ya kifuu, bahari ya chungu: zile MB 500 ambazo mhadhiri mwenye wifi ya ofisi hata hazioni zikienda, kwa mwanafunzi wake ndizo bajeti ya kutwa nzima.

Kwa hiyo orodha hii ya programu za kufundishia mtandaoni kwa video haikupangwa kwa wingi wa vitufe. Imepangwa kwa swali moja: je, mwanafunzi mwenye simu ya bei ya chini kuliko wote darasani atabaki ndani mpaka kipindi kiishe?

Piga hesabu ya bando kabla ya kutoa pesa

Somo la saa 3 kwa wiki, kwa wiki 14, ni saa 42. Video ya kundi ikipokelewa kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde hula MB 450 kwa saa. Zidisha kwa 42: karibu GB 19 kwa somo moja. Mwanafunzi mwenye masomo matano anahitaji GB 94 na ushei kwa muhula, na hapo hajafungua kitu kingine chochote.

Sasa zima kamera. Sauti pamoja na slaidi huweza kwenda kwa kilobiti 150 hivi kwa sekunde, yaani MB 68 kwa saa. Somo lote linatoka kwa chini ya GB 3, na masomo yote matano kwa GB 14. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti yoyote ya bei kati ya programu hizi. Programu inayomruhusu mwanafunzi kukataa video na bado akaona slaidi vizuri ndiyo iliyotangulia hapa.

1. BigBlueButton ndani ya Moodle

Ilianza mwaka 2007 katika Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, na ilitengenezwa kwa ajili ya kufundishia, si kwa mikutano ya maofisi. Haidai leseni. Tangu toleo la 4.0 la mwaka 2022 la Moodle, mfumo wa vyuo wa kuendeshea masomo mtandaoni, imekuja ikiwa ndani ya Moodle yenyewe, kwa hiyo mwanafunzi habebi kiungo kutoka WhatsApp: anaingia kwenye ukurasa wa somo lake, anabonyeza, kivinjari kinafunguka.

Sababu ya kuipa namba moja ni namna inavyopeleka slaidi. Programu nyingi hutangaza kioo cha kompyuta yako kama video, kioo kizima, muda wote. BigBlueButton hupakia faili lako kwenye seva, hulikata ukurasa kwa ukurasa, kisha humpelekea mwanafunzi picha ya ukurasa mmoja kila ukigeuza. Ukikaa dakika 10 kwenye slaidi moja, bando linalolika ni la sauti tu, pamoja na mistari unayochora. Mwanafunzi naye ana mpangilio wa kuokoa data ambamo anazima kamera za wenzake na kioo kinachotangazwa.

Pia majina hutoka Moodle. Hutaona jina la simu kama "Galaxy A05" mara sita kwenye orodha ukabaki kujiuliza nani ni nani. Ipo dashibodi inayoonyesha kila mmoja alikaa dakika ngapi na aliinua mkono mara ngapi.

Makosa matatu hujirudia. La kwanza, kupakia PowerPoint: fonti hubadilika na fomula husambaratika, kwa sababu seva hulazimika kuigeuza kwanza. Geuza kuwa PDF kwenye laptopu yako, na iwe chini ya MB 30, maana ndio ukomo wa kawaida. La pili, kusahau kitufe cha kurekodi: usipokibonyeza, hakuna rekodi itakayotoka, hata kama kipindi kiliruhusiwa kurekodiwa. La tatu, kutangaza kioo kizima kwa ajili ya slaidi zilezile ambazo zingepakiwa. Hapo umeitupa faida yote uliyokuja kuitafuta.

Gharama yake iko kwenye seva, na hiyo ni kazi ya idara ya tehama, si ya mhadhiri. Mashine inataka Ubuntu, kumbukumbu ya GB 16, viini 8 vya prosesa, diski ya GB 500 kama mnarekodi, na kasi ya megabiti 250 kwenda na kurudi. Lango za UDP 16384 hadi 32768, yaani njia za mtandao zinazopitisha sauti na video, lazima ziwe wazi. Zikifungwa na ukuta wa mtandao, mwanafunzi anaingia, anaona slaidi, lakini sauti inagoma, naye atailaumu simu yake. Chuo kisicho na seva kiulize KENET, mtandao unaounganisha vyuo vikuu vya Kenya, ambao pia huendesha huduma ya mikutano ya BigBlueButton kwa wanachama wake. Mkiweza kupata hilo, acheni kusoma hapa mwende kwenye sehemu ya vifaa.

2. Zoom ya kulipia

Kama unanunua kwa mfuko wako, nunua hii. Zoom huvumilia mtandao mbovu kuliko wenzake: kasi ikishuka hupunguza ubora wa picha kwanza na kuishikilia sauti. Mwanafunzi anaweza kusimamisha video zinazoingia kwa kitufe kimoja na akabaki na sauti. Vyumba vya makundi hufunguliwa upesi, na kura za maswali ziko palepale.

Angalia idadi. Leseni ya Pro hubeba watu 100. Kwenye somo la pamoja la wanafunzi 180, wa 101 ataambiwa mkutano umejaa, na mara nyingi huyo ndiye aliyechelewa kwa sababu mtandao wake ni dhaifu. Nyongeza ya watu 500 ipo, ila hulipiwa mbali. Mpango wa bure hukata kila baada ya dakika 40. Mhadhara wa saa mbili utavunjika vipande vitatu, na kila kuunganisha upya hula dakika tano za kuitana na kusubiriana. Kwa mashauriano ya mwanafunzi wa tasnifu unatosha. Kwa darasa, hapana.

Malipo ni kwa dola, na kuna VAT ya Kenya ya asilimia 16 juu yake, basi usishangae jumla ikizidi bei ya tangazo. Kadi ya benki inakubaliwa, hata ile ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay. Muhula wa wiki 14 ni bili nne za mwezi. Bei ya mwaka ni nafuu kwa kila mwezi, lakini haina maana kwa anayefundisha muhula mmoja kisha akapumzika. Na uzime kujihuisha kwa malipo siku ileile uliyojisajili, kabla hujasahau.

Jambo la kurekodi linahitaji tahadhari. Ukirekodi kwenye laptopu, Zoom huandika faili ghafi, kisha hulibadilisha kuwa video ukishafunga mkutano. Stima ikikatika katikati, au ukafunga laptopu haraka ukaenda zako, utakuta faili linaloitwa double_click_to_convert. Usilifute. Usilihamishe nje ya folda yake. Washa mashine, libonyeze mara mbili, ungoje. Kwa mhadhara mrefu ngoja bila papara.

3. Google Meet ya akaunti ya chuo

Kizingiti cha kuingia ni kidogo: simu ya Android tayari ina akaunti ya Google, na kwenye kompyuta hakuna cha kusakinisha. Google hutoa mpango wa Education Fundamentals bure kwa taasisi: watu 100, bila ukomo wa dakika 60 unaokata mikutano ya akaunti binafsi za bure.

Ila mpango huo hauna rekodi, hauna vyumba vya makundi, wala hauandiki mahudhurio. Hivyo huja na nyongeza ya Teaching and Learning, ambayo pia hupandisha idadi hadi 250. Wahadhiri wengi hugundua hilo wiki ya tatu, wanapoombwa rekodi na mwanafunzi aliyekuwa amelazwa. Muulize msimamizi wa mfumo swali moja tu: "Nikianzisha mkutano, kitufe cha kurekodi kipo?"

Slaidi za Meet huenda kama video ya kioo. Tuma PDF kwenye Classroom, darasa la mtandaoni la Google, saa moja kabla ya kipindi, halafu useme namba ya ukurasa unapogeuza. Ni njia ya kizamani, na inafanya kazi.

4. Microsoft Teams

Chagua Teams ikiwa chuo chenu tayari kinaishi humo: barua pepe, faili, kazi za wanafunzi. Mpango wa A1 ni bure kwa taasisi na unachukua watu 300. Kwenye laptopu yenye kumbukumbu ya GB 4 ni mzigo mzito. Feni ya mashine italia kama posho mill kabla hujamaliza slaidi ya pili. Rekodi za A1 hufutika baada ya siku 30, kwa hiyo zipakue mapema, kabla ya wiki ya marudio.

5. Jitsi, na simu ya WhatsApp

Jitsi ni huria na hufunguka kwa kivinjari. Tangu 2023 anayeanzisha chumba kwenye meet.jit.si lazima aingie kwa akaunti kama ya Google. Kwa semina ya watu 15 ni nzuri. Wakifika 40, sauti huanza kukwaruza. Simu ya kundi ya WhatsApp huchukua watu 32 na ni akiba ya dharura tu: iandae mapema kama mahali pa kukimbilia darasa kuu likianguka, kila mtu ajue.

Vifaa: anza na sauti

Kamera ya laptopu uliyonayo inatosha. Pesa ya kwanza iende kwenye hedifoni ya USB yenye maikrofoni iliyo karibu na mdomo. Mombasa hakufundishiki bila feni, na upepo wa feni ukipiga maikrofoni ya laptopu, mwanafunzi husikia dhoruba ya kusi badala ya somo. Elekeza feni mgongoni, si usoni. Kiplagi cha duara cha 3.5 mm hushika kutu kwa hewa ya chumvi na kuanza kukwaruza ukikigusa. USB huvumilia zaidi. Ukisikia mwangwi, tafuta watu wawili walioketi chumba kimoja na spika wazi, mmoja azime.

Kinachofuata ni betri ya ruta, ile UPS ndogo. Soma kibandiko cha adapta ya ruta kabla ya kwenda dukani: nyingi ni volti 12, nyingine 9. Ukiingiza 12 kwenye ruta ya 9 unaweza kuiunguza. Betri iliyoandikwa mAh 8,800 ina takriban saa-wati 32 kwa volti 3.7 za seli zake. Ukitoa hasara ya kupandisha volti, ruta ya wati 9 hupata saa mbili na nusu hivi. Kama kisanduku cha faiba na ruta ni vitu viwili, vyote viwili vinahitaji umeme. Kuiweka ruta pekee kwenye betri ni kosa la kila siku: wifi inaonekana imejaa, intaneti hakuna.

Laini ya pili ya intaneti, ile ya akiba, iwe ya kampuni tofauti na ile ya faiba yako. Mwezi Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika kwa wakati mmoja upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota. Siku kama hiyo seva ya BigBlueButton iliyo hapa nchini hufikika vizuri zaidi kuliko ya ng'ambo, maana safari ya data haivuki bahari.

Jaribio la kabla ya kulipa

Omba wanafunzi watano, mmoja kila mtaa: Kisauni, Changamwe, Likoni, Bamburi, na mmoja nje ya kaunti, tuseme Kwale. Wote watumie simu na bando, si wifi. Kila mmoja aandike kiwango cha data kwenye mipangilio ya simu kabla ya kuanza. Fundisha dakika 30: slaidi 10, kura moja, kundi dogo moja, rekodi moja, ukiwa umewaambia kabla kwamba unarekodi, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotaka. Waandike tena kiwango cha mwisho, watoe, wazidishe kwa 84 kupata muhula wa saa 42. Rudia na programu ya pili kesho yake, saa ileile, maana mtandao wa saa nne asubuhi si wa saa mbili usiku. Halafu wasikilize wao, hasa yule wa Kwale.