Teminali za spika ya kujitengenezea: ipi ununue kama hela ni ya mawazo

Mtu ananunua spika ya inchi 15, anatafuta plaiwudi ya maana, anapiga gundi na skrubu mpaka boksi linabebwa na watu wawili, afu akifika kwenye teminali, yaani pale nyuma pa kuchomekea waya, anabandika kile kiklipu cha springi kilichotolewa kwenye redio ya zamani. Jamani, nguvu yote ya amplifaya inapita hapo. Piga hesabu ndogo tu, wati 400 kwenye spika ya omu 4 ni ampia 10, sasa kama pale waya unapogusana na chuma pana ukinzani wa nusu omu, hizo ampia 10 zinageuka joto la wati 50, ni kama umeweka pasi ndogo nyuma ya boksi.

Hilo nimelishika kwa mkono wangu, harusi moja Nkuhungu, hapa Dodoma. Besi ikaanza kukatika katika, tukadhani amplifaya, nikapeleka mkono nyuma ya boksi nikautoa haraka, ile plastiki ya klipu imelainika imekuwa rangi ya chai ya maziwa na springi haibani tena. Tukasokota nyaya na kufunga utepe mpaka bibi harusi akaondoka. Tangu siku hiyo teminali nachagua mwenyewe, simtumi mtu.

Namba moja kwangu ni zile za kukaza kwa mkono, nyekundu na nyeusi, zenye tundu la kupitisha waya na kichwa cha kuzungusha. Kwa bei yake hakuna kinachoishinda, ila uwe makini maana dukani zote zinang'aa dhahabu na ile dhahabu ni rangi tu. Unachotaka ni shaba ya njano, wenyewe tunaita brasi. Beba sumaku, hata kipande cha sumaku ya spika iliyokufa, igusishe kwenye boliti yake: ikinasa kwa nguvu hicho ni chuma, rudisha. Ikivuta kidogo sana inaweza kuwa ni nikeli iliyopakwa juu, hapo kwaruza na msumari uone njano ndani. Halafu angalia urefu wa boliti, wengi wanakosea hapa, ubao wa milimita 18 unaimeza yote na nati haishiki, kwa hiyo nunua yenye kibakuli chake cha plastiki au ifunge kwenye bamba jembamba la plastiki gumu kisha bamba ndio likae kwenye boksi. Na kama waya wako una pini za banana pacha, zile pini mbili zilizoungana za kuchomeka kwenye tundu za nyuma ya teminali, tundu kwa tundu iwe milimita 19.

Kama boksi linapanda kirikuu kila wikiendi, leo Kizota kesho Bahi, basi hiyo namba moja iwe Speakon, ile plagi ya duara iliyotengenezwa kwa ajili ya spika, wala usijiulize. Kampuni ya Neutrik ndiyo iliyoitoa mwaka 1987 na ile ya njia nne imepimwa kubeba ampia 40, ukiichomeka unaizungusha inajifunga, mtu akijikwaa kwenye waya haichomoki, na hakuna chuma kilichokaa wazi mtoto akishike. Hilo la kukaa wazi sio dogo, wati 1000 kwenye omu 4 ni volti 63. Za kuiga zipo nyingi na nyingine zinafanya kazi vizuri tu, jaribu hapo hapo dukani, chomeka uzungushe mara kumi, ikicheza cheza achana nayo. Waya zako mbili zifunge kwenye alama za 1+ na 1- zilizoandikwa kwenye Speakon, basi.

Hela imebana kabisa? Nenda duka la vifaa vya ujenzi ununue boliti mbili za brasi za milimita 6, wosha zake na nati za masikio, toboa bamba, funga. Ubaya wake ni sura, na ziko wazi, kwa hiyo kwa spika ya nyumbani sawa, kwenye sherehe yenye watoto hapana. Mwisho wa waya weka lagi ya duara, kile kichwa cha chuma chenye tundu la kupitisha boliti, ndio ukaze.

Konekta zile za mafundi umeme, za plastiki zenye skrubu za kubana waya, mi naziweka ndani ya boksi tu, nje hapana.

Klipu za springi nunua kwa spika ndogo za sebuleni, chini ya wati 50. Zaidi ya hapo unajitafutia, na huku kwetu kuna upepo na vumbi hasa kuanzia mwezi wa sita, lile vumbi jekundu linaingia kwenye springi na mguso unazidi kuwa mbovu.

Jeki ya milimita 6.35, ile kama ya gitaa, naiweka ya mwisho ingawa najua watu wanaipenda. Ukiichomeka huku amplifaya inawaka inapiga shoti kwa sekunde, na inapogusana ni padogo kama ncha ya kalamu.

Jambo moja kuhusu nyaya, usilehemu ncha ya waya halafu ukaikaza chini ya skrubu. Risasi ni laini, inaendelea kusinyaa pale inapobanwa, na baada ya wiki kadhaa skrubu imelegea yenyewe. Waya uache mtupu umesokotwa vizuri, au lagi. Na kando ya bamba paka silikoni maana sabufa ikivuja hewa nyuma inapiga mluzi kwenye kila besi.

Ukienda Majengo au ukiagiza Kariakoo chukua jozi moja ya ziada. Ukishafunga, piga muziki saa moja kwa sauti ya kazini, zima amplifaya, shika teminali kwa kidole. Ikiwa ya moto fungua uangalie, ikiwa baridi kaza tena robo mzunguko.