Gombe kwa miguu: njia nzuri, viatu vibaya, na asali ya shemeji

Nina miaka kumi na tisa Mwanga, Kigoma mjini, nauza vitenge, na muda wote huo Gombe, hifadhi ya taifa ya sokwe, nilikuwa naijua kwa macho tu: ile milima ya kaskazini unayoiona ukisimama ufukweni Kibirizi. Wenyeji wengi tuko hivyo. Ukimwambia jirani unakwenda Gombe, anakuuliza umepata kazi ya kubeba mizigo ya wazungu? Mwezi wa tisa kaka wa mke wangu alishuka na treni kutoka Tabora, akasema amefika mwisho wa reli na haondoki bila kuwaona sokwe. Nikafunga duka siku tatu.

Nianze na kero, nayo ni boti. Kuna namna mbili za kufika. Unaweza kukodi boti yenu peke yenu, bei inauma lakini mnaondoka mnapotaka, au unapanda boti za abiria zinazopeleka watu vijiji vya Mwamgongo na Kagunga, zinakushusha Gombe njiani. Sisi tulijifanya wajanja, tukapanda ya abiria. Tuliambiwa saa sita kamili. Saa sita ikapita tukiwa tumekaa juu ya magunia ya unga, saa saba wakapakia magodoro, saa nane akaletwa mbuzi aliyegoma kupanda hata watu watatu wakamsukuma. Tuliondoka saa tisa. Nilipouliza maboya, kijana wa boti alininyooshea kidole chini ya magodoro: yapo, ila yamelaliwa na mzigo. Shemeji kakulia Tabora, huko maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya bwawa. Aliishika mbao ya ubavuni kama anataka kuing'oa, na mimi kwa ujinga wangu nikamwambia Ziwa Tanganyika hili lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Hakunijibu mpaka tumefika.

Na mjue kabisa kwamba boti hizo mchana zinapanda kaskazini, alfajiri zinarudi mjini. Kwenda na kurudi siku moja hakuna, labda mkodi. Pangeni kulala siku mbili.

Malipo sitayaongelea sana. Mwananchi analipa kwa shilingi na ni chini mno ya anacholipa mgeni wa nje, beba kitambulisho cha taifa. Sisi tulilipia kwa simu kabla ya kuondoka mjini, na ni vizuri kufanya hivyo kwa sababu mtandao kule unakuja na kuondoka kama umeme. Kiingilio, mwongozaji na chumba kila kimoja kina bei yake, msije mkashangaa.

Tulilala Kasekela, kambi ya hifadhi, pale pale ufukweni. Baraza ya kulia chakula imezungushiwa wavu wa chuma, na shemeji akauliza hawa wanyama wanafungiwa humu saa ngapi. Askari wa hifadhi akacheka. Wavu ni wetu sisi. Binadamu anakula ndani, nyani wanamtazama kutoka nje.

Askari akatuambia wazi: msitoke na chakula, hata karanga mfukoni. Sasa shemeji alikuwa amebeba chupa ya asali ya Tabora, zawadi ya dada yake ambayo hakutaka kuiacha nyumbani kwangu kabla dada mwenyewe hajarudi safari. Asubuhi akatoka nayo ndani ya kifuko cha plastiki. Namwambia shemeji, rudisha hiyo. Ananijibu asali si chakula, asali ni dawa. Hatujafika hata hatua thelathini, nyani dume akashuka mchangani bila haraka yoyote, kama mtu anayekuja kudai deni lake, akashika kifuko. Shemeji akavuta. Nyani akafunua meno tu, hakupiga hata kelele. Shemeji akaachia. Tulimwona akipanda nayo kilimani, chupa imebanwa kwapani. Askari alikasirika, na alikuwa na haki: nyani akizoea kunyang'anya watu ndiyo mwanzo wa matatizo kwake na kwa wageni watakaofuata.

Njia yenyewe sasa. Usichanganye Gombe na kutembea mbugani. Gari hakuna, barabara hakuna, ni miguu. Ziwa liko mita 773 juu ya usawa wa bahari na ukingo wa juu wa milima unapita mita 1,500, na kati ya hapo na hapo ni kilomita chache tu. Maana yake ni ngazi. Bondeni mnaanza kwa raha: mto mdogo, kivuli, mizizi iliyojipanga kama vipandio, michikichi kila mahali. Hii michikichi ilinifurahisha, maana sokwe nao wanazila chikichi zake. Mawese tunayopikia maharage Kigoma, kule msituni kuna mwenzetu anafyonza tunda lenyewe.

Halafu msitu mzito unakwisha na miombo inaanza, na hapo ndipo nilipojutia viatu vyangu. Raba za mitumba, nzuri kwa macho, soli imelika ikawa laini kama sahani. Mwezi wa tisa majani makavu yamelala juu ya kokoto nyekundu, ukikanyaga ni kama umekanyaga ulezi uliomwagika. Hatua mbili mbele, moja nyuma. Mwongozaji aliniokotea fimbo iliyoanguka na kwa fimbo hiyo ndiyo nilifika. Shemeji, aliyekuwa analia kwenye boti, alikuwa mbele anapiga mluzi.

Kilele wanakiita Kilele cha Jane. Ndipo alipokuwa akikaa na darubini yake Jane Goodall, yule mtafiti Mwingereza wa sokwe, aliyefika Gombe Julai 1960 akiwa na mama yake, akafariki Oktoba 2025 ana miaka 91. Nilikuwa nimesikia habari za sokwe kuvua mchwa kwa kijiti, jambo aliloliona mwaka huo huo wa 1960 wakati wataalamu wakiamini ni binadamu peke yake anayetengeneza zana. Lakini hilo ni la vitabuni. Ukikaa pale juu unaelewa jambo jingine dogo zaidi: kwa nini alichagua pale. Bonde la Kakombe lote liko chini yako, wazi kama kiganja, tawi likitikisika ng'ambo unaliona. Milima ya Kongo hatukuiona, moshi wa kiangazi umeifuta yote. Anayetaka picha safi ajue hilo. Na kuna jambo mwongozaji alituambia ambalo wengi wanalijua kinyume: kiangazi njia ni kavu na picha zinatoka, ila masika sokwe hawatembei mbali sana, kwa hiyo kuwapata ni rahisi zaidi. Chagueni wenyewe, utelezi au jasho.

Mpaka tunaanza kushuka tulikuwa tumeona viota tu, maana kila jioni sokwe anatandika kipya juu ya mti, na tumesikia kelele zao mara mbili ng'ambo ya bonde. Nilikuwa nimeridhika, sisemi uongo. Kwenye kona moja mwongozaji akatusukuma kando ya njia, barakoa juu, kimya. Dume alikuwa anapanda kwenye njia hiyo hiyo tunayoshukia. Sheria ni kumpisha, kwa sababu njia ni yao. Alipita bila kutugeukia, ameweka ngumi chini, mgongo una mvi kidogo, na nilisikia pumzi yake. Nyuma yake mama na mtoto amening'inia tumboni. Dakika mbili, labda tatu. Shemeji akaninong'oneza, "Shemeji, huyu anatembea kama baba mkwe." Na kweli.

Barakoa si mapambo, sokwe wanashika mafua yetu na yanawaua. Ukiwa na kikohozi utaachwa kambini, usibishane. Na mtoto wa chini ya miaka 15 hapelekwi kwa sokwe.

Mchana tulikwenda maporomoko ya Kakombe. Njia hiyo hata mama mzee mwenye miguu mizima anaiweza, kwa mwendo wangu wa fimbo haikufika saa moja. Maji yanaanguka kama mita 25 kwenye ukuta wa mwamba wenye mizabibu ya porini, na upepo wake unakupiga usoni kabla hujayaona. Hata kiangazi hayakauki. Tulikaa pale bila kuongea, jambo ambalo kwa shemeji ni nadra.

Njia ya kilele naipa nyota tano, ya maporomoko nne kwa sababu inakwisha upesi. Boti naipa moja, na hiyo moja ni kwa vile haikuzama.

Kushuka ndiko kunakomaliza magoti, si kupanda. Siku ya tatu alfajiri nilipanda boti kwa mikono. Usiku nilikuwa nimekaa mlangoni nikitazama taa za wavuvi wa dagaa zilivyojipanga ziwani, mji mzima unaoelea, na miguu yangu ilikuwa imeloweshwa kwenye ndoo ya maji ya chumvi.

Mke wangu alikuwa amesharudi, akatupokea Kibirizi. Alimkumbatia kaka yake, akamkagua mikono, akauliza asali yake iko wapi. Shemeji akageuka, akamwonyesha milima.