Pangaboi ya BLDC chumbani: miezi minne, yuniti za LUKU na ile regulata ya ukutani

Habari zenu wadau. Naona watu wanauliza sana kama hizi pangaboi mpya za rimoti zina maana au ni bei tu, sasa mimi ninayo moja chumbani tangu mwishoni mwa Desemba, imepita Januari, Februari na Machi nzima ya Dar, ule msimu ambao unaoga saa nne usiku na saa tano umeshalowa tena, kwa hiyo naisema kwa kuilalia chini yake.

Nyumba yetu ni ya bati na dari ya jipsam. Bati likianza kushika jua asubuhi, joto linashuka chumbani na usiku halitoki. Tuna AC ndogo ya BTU 9,000, tena tunaipenda, ila LUKU ilikuwa inatumaliza. Mimi na mke wangu tukawa tunaiwasha, saa nane usiku mmoja anaamka kuizima kwa sababu ya yuniti, saa tisa mtoto analia shingo imejaa vipele vya joto. Hayo ndiyo maisha tuliyokuwa nayo.

Pangaboi ya zamani ilikuwepo lakini ilikuwa inanguruma na upepo hauonekani. Nikaenda Kariakoo nikachukua ya inchi 48, mota ya BLDC (ile isiyo na brashi, inayokula umeme mdogo), kwenye boksi wameandika wati 32 ikiwa spidi ya mwisho. Zile za kawaida nyingi zinakula wati 70 mpaka 75. Nililipa 145,000, ya kawaida duka hilohilo ilikuwa 60,000.

Sasa twende kwenye mita maana hapo ndipo wengi wanadanganyana. Nilisoma LUKU wakati wa kulala na baada ya masaa 8, kila kitu kimezimwa kasoro friji. Usiku wa AC zilienda yuniti 5.9. Usiku wa pangaboi ya zamani 1.2. Usiku wa hii mpya 0.9. Kwa sisi wa tarifu ya kawaida, elfu kumi inatoa yuniti 28 hivi, yaani kila yuniti kama shilingi 356. Kwa hiyo kutoka pangaboi ya zamani kuja mpya naokoa kama shilingi 107 kwa usiku, ndogo sana, ile 85,000 niliyoongeza dukani kwa matumizi ya usiku tu itarudi baada ya miaka miwili na zaidi. Lakini kutoka AC kuja pangaboi ni yuniti 5 kila usiku, karibu 1,780, na hapo ndipo pesa ilipo. Na ukiwa kwenye ile tarifu ya chini ya yuniti 75 kwa mwezi ndo usiseme, AC ya usiku 15 tu imeshazimaliza zote na kuanzia hapo unakatwa bei ya juu.

Kitu kimoja watu hawakielewi, pangaboi haipoozi chumba. Niliweka kipimajoto mezani usiku mzima kikakaa 30 kwa 30. Inachofanya ni kupeperusha lile joto na jasho linalokaa kwenye ngozi, wewe ndiye unayepoa, chumba kiko vilevile. Ndo maana kuiacha inazunguka kwenye chumba kisicho na mtu ni kuchoma yuniti bure, na pia usiifungie madirisha, fungua upande wenye upepo. Siku zile joto limezidi kabisa tunawasha AC kwenye 26 badala ya 22 ya zamani, pangaboi spidi ya 2, baada ya saa moja AC inazimwa pangaboi inaendelea mpaka asubuhi. Mtoto sasa analala mpaka saa kumi na mbili. Vipele vimekauka shingoni vikaisha kabisa, na mimi kwa hilo peke yake nimeridhika.

Kelele hakuna. Spidi ya 1 na ya 2 unasikia upepo tu, ya 5 inavuma lakini mota hailii. Umeme ukiwa mdogo jioni, ile ya zamani ilikuwa inasinzia, hii inazunguka vilevile.

Kero. Fundi wa kwanza aliacha regulata ya zamani ukutani (kile cha kuzungusha kubadili spidi), akaunganisha humohumo. Pangaboi ikawa inawaka, inasimama, inajizungusha kidogo, inasimama tena, nikajua nimeuziwa mbovu, nikarudi nayo dukani na boksi lake nimeshanuna. Jamaa wa duka akaiwasha pale kaunta ikaenda safi, akaniuliza swali moja tu, regulata umeitoa? Hizi za BLDC zina kidhibiti chake ndani, hazitaki regulata, zinataka swichi ya kawaida tu. Fundi wa pili kaitoa, dakika kumi kamaliza. Huyohuyo wa pili ndiye aliyepanda darini akafunga ndoano kwenye mbao ya kenchi, maana yule wa kwanza alikuwa kaishika kwenye vyuma vya jipsam. Ndugu zangu, jipsam haibebi kitu kinachozunguka, dai mbao au zege, na panda ukaone kwa macho yako.

Rimoti nayo ikipotea huna spidi, unabaki na kuwasha na kuzima tu ukutani. Sisi tumeifunga kamba kwenye kitanda.

Halafu chandarua. Cha duara kinaning'inia katikati ya dari, palepale pangaboi ilipo, haiwezekani. Tumehamia cha pembe nne kwenye fremu ya kitanda. Upepo unapungua ukiingia ndani ya chandarua, kwa hiyo tunapandisha spidi moja, ila msikiache, upepo unawasumbua mbu lakini malaria haijui pangaboi. Na mapanga yawe juu ya mita 2.1 kutoka sakafuni, chumba chenye dabo deka usiweke kabisa, mtoto wa juu akinyoosha mkono anayafikia.

Kusafisha, zima kwanza, chukua foronya kuukuu, ivishe kwenye panga kisha vuta, vumbi lote linabaki ndani ya foronya na shuka halichafuki. Nafanya kila wiki mbili.

Naipa 8 kwa 10, mbili nimekata kwa rimoti na kwa karatasi ya maelezo isiyosema neno kuhusu regulata. Mwezi ujao nachukua ya inchi 56 ya sebuleni, pale inawaka kuanzia asubuhi mpaka tunapolala, kwa hiyo hata kwa ile tofauti ndogo ya wati pesa niliyoongeza itarudi mapema.