Tahadhari: C5200 na A1943 "zilizolinganishwa" zinazouzwa WhatsApp hapa Nairobi

Mafundi na wadau wa sauti, kuna muuzaji anayezungusha picha za 2SC5200 na 2SA1943, transista za pawa za amplifaya, akidai ni Toshiba halisi na ameshazilinganisha. Kila jozi iko kwenye mfuko wake, imeandikwa "gain 120" (kiasi inachokuza mkondo) kwa kalamu, na bei inapita mbali ile ya maduka ya Luthuli. Anataka pesa yote kwa M-Pesa kabla mzigo haujatoka. Ukilalamika, anakwambia transista ikishapigwa solda hairudi.

Hiyo 120 ameipima na nini? Miguu ya C5200 ni minene, haiingii kwenye tundu la mita ya mkononi. Hata ukiiunga kwa waya, mita hiyo hupeleka maikroampea chache tu kwenye base (mguu unaoongoza transista; mingine ni kolekta na emita), ilhali transista hii kazi yake ni ampea nzima.

Isitoshe, anafananisha C5200 na A1943, jambo lisilokusaidia sana. Zinazotakiwa kufanana ni zilizofungwa sambamba upande mmoja wa amplifaya: C5200 kwa C5200, A1943 kwa A1943. Chukua mbili zenye rezista za emita za ohm 0.22, zikigawana miliampea 100 muziki ukiwa kimya. Volti zao za base (kati ya base na emita) zikipishana milivolti 30, moja itabeba zaidi ya mara mbili ya mwenzake. Itapata joto, volti yake ya base itashuka kama milivolti 2 kwa kila digrii, nayo itazidi kubeba. Ikishoti, DC ya pawa saplai inaingia moja kwa moja kwenye spika na koili inaungua.

Pima mwenyewe kabla ya solda. Unga base na kolekta pamoja, zilishe volti 12 kupitia rezista ya ohm 100 ya wati 5, emita iende negativu. Kwa A1943 geuza waya za pawa. Subiri sekunde 30, soma milivolti kati ya base na emita. Usiishike kwa vidole, joto la mkono linaharibu kipimo. Weka kundi moja zile zisizopishana zaidi ya milivolti 5.

Ila feki nazo zaweza kufanana vizuri sana! Ukinunua nyingi, toa moja sadaka: ivunje kwa koleo uone silikoni ndani. Halisi ni pana. Feki nyingi zina kipande kama punje ya mchele juu ya bamba la shaba. Hizo zinapiga vizuri sauti ikiwa chini, ukiongeza zinakufa.

Nunua pale ambapo utapima kaunta kabla ya kulipa, na udai risiti. Siku ya kuwasha, pitisha umeme kwenye balbu ya wati 100 ya uzi, si LED, iliyofungwa mfululizo na amplifaya, spika zikiwa zimechomolewa. Balbu ikibaki na mwanga mkali, zima.