Saksafoni alto ya mtumba: nimeifungua tuione vizuri

Haya jamani, leo niko na saksafoni, alto (ile ya saizi ya kati) ya mtumba, jina lake nimeliziba na stika maana sitaki ugomvi na mtu. Ngoja niisogeze kwenye kamera. Hapa juu mnaona kijiti chembamba cha tete? Hii ndo ridi, ukipuliza inatetemeka sauti inatoka, na ndo maana saksafoni inahesabiwa ukoo wa klarineti, ile filimbi nyingine ya ridi, wala sio tarumbeta, japo mwili wote ni shaba. Mimi nilibishana na mwalimu wangu wiki nzima kwa hili.

Aliyeitengeneza ni Adolphe Sax, Mbelgiji wa Dinant, alizaliwa 1814, baba yake naye fundi wa vyombo vya muziki. Jamaa alikuwa anataka kitu chenye nguvu ya tarumbeta ila vidole vikimbie kama kwenye klarineti, akahamia Paris, na mwaka 1846 akapata hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi wake, sio ya saksafoni moja, ya ukoo mzima kuanzia ndogo mpaka besi. Bendi za jeshi la Ufaransa zikaichukua. Mafundi wenzake wa Paris wakamtia kesi juu ya kesi mpaka akafilisika, na sio mara moja, akafa 1894 kabla hata jazz haijaipaisha. Inauma kwa kweli.

Sasa angalieni bomba, jembamba juu halafu linapanuka mpaka chini. Hiyo ndo siri. Nikibonyeza kibonyezo cha oktavi, kile cha kupandisha noti ngazi nane, kwa dole gumba, vidole vingine havihami, noti ileile inapanda juu. Klarineti bomba lake halipanuki hivi, ukifanya hivyo inakurukia mbali, inabidi ujifunze vidole upya. Zile za zamani zilikuwa na vibonyezo viwili vya oktavi, dole gumba linahama katikati ya wimbo! Hii ya kwangu ni kimoja, inachagua yenyewe tundu la kufungua.

Ubaya wake? Pedi (kifuniko laini cha tundu) ya noti ya G# inanata, nakausha kwa karatasi ya sigara kila siku. Halafu noti ya chini kabisa, B flati, ambayo ya Sax mwanzoni haikuwepo, iliishia B, hii yangu inakoroma tu. Nikaingiza tochi ndani ya bomba, taa nikazima, nikaona mwanga unachungulia pembeni ya pedi mbili, yaani hazizibi vizuri, hewa inavuja. Kwa hiyo ukienda kununua mtumba nenda na tochi, muuzaji akinuna, mrudishie saksafoni yake.